Miaka Minne ya Bei Nafuu: Historia ya Thamani ya Kwotabeki Chipukizi

Katika futiboli ya Kimarekani kila timu huingiza wachezaji 11 uwanjani, lakini karibu kila shambulizi huanzia mikononi mwa mmoja. Huyo ndiye kwotabeki. Yeye hupokea mpira, huisoma safu ya ulinzi, na ndani ya sekunde mbili au tatu huamua kama ataurusha mbali, atampa mwenzake akimbie nao, au atakimbia nao mwenyewe. Timu isiyo na kwotabeki wa maana inaweza kuwa na kila kitu kingine na bado isifike mbali. Ndiyo maana bei ya kijana anayeonekana kuiweza kazi hiyo hubeba matumaini ya klabu nzima.

Bei hiyo hailipwi kama tulivyozoea katika soka. Yanga ikimtaka mchezaji mwenye mkataba Simba, mazungumzo yataanzia kwenye fedha za uhamisho. Katika ligi ya NFL timu hulipana kwa wachezaji, na zaidi kwa zamu za uteuzi. Kila mwaka, majira ya machipuko, timu 32 huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, iliyoshika mkia ikitangulia na bingwa akija mwisho wa kila raundi. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936. Kijana wa kwanza kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Tangu hapo zamu zenyewe zimekuwa sarafu: timu yaweza kutoa zamu ya mwaka huu, ya mwakani na ya mwaka wa mtondo. Thamani ya makwotabeki vijana imepanda na kushuka katika sarafu hiyo, na kila ilipobadilika sana, chanzo kilikuwa sheria ya mishahara.

Kipaji kilipouzwa kama kipaji

Kwa miongo mingi hesabu ilikuwa nyepesi. Timu ilimtazama kijana, ikapima mkono wake na akili yake, ikataja bei. Mshahara haukuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa hakukuwa na kikomo cha matumizi, na mchezaji alikuwa na njia chache za kuondoka kwa hiari yake.

Mwaka 1983 Baltimore Colts walimchagua John Elway wa Chuo Kikuu cha Stanford katika zamu ya kwanza kabisa. Elway alikwisha sema kwamba hatawachezea, na alikuwa na pa kwenda: mwaka uliotangulia alikuwa amecheza besiboli katika timu ya vijana ya New York Yankees. Colts wakamhamishia Denver Broncos, nao wakapokea mchezaji wa safu ya mbele ya mashambulizi Chris Hinton, kwotabeki Mark Herrmann na zamu ya raundi ya kwanza ya 1984. Elway alikaa Denver miaka 16 na kuiachia mataji mawili ya Super Bowl, yaani fainali ya NFL.

Wengine waliuzwa baada ya kuonekana wameshindwa. Tampa Bay Buccaneers walimwachia Steve Young mwaka 1987, naye akaenda San Francisco 49ers kwa zamu ya raundi ya pili na nyingine ya raundi ya nne. Mwaka 1992 meneja mkuu wa Green Bay Packers, Ron Wolf, aliwapa Atlanta Falcons zamu ya raundi ya kwanza ili ampate Brett Favre, kijana ambaye katika msimu wake wa kwanza alirusha mipira minne, mwenzake asidake hata mmoja, na miwili kati ya hiyo ikaishia mikononi mwa wapinzani. Wengi walishangaa. Favre akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, kuanzia 1995 hadi 1997. Wolf alinunua kipaji alichokiamini, na hakuna aliyeuliza kijana huyo atabaki wa bei nafuu kwa miaka mingapi.

Miaka hiyohiyo Dallas Cowboys walitafuta njia ya kuziwekea zamu bei isiyotegemea hisia. Mike McCoy, mhandisi na mshirika wa mmiliki Jerry Jones, alitengeneza jedwali lililoipa zamu ya kwanza pointi 3,000, kisha pointi zikapungua zamu kwa zamu. Kocha Jimmy Johnson alilitumia, na jina lake ndilo lililobaki. Jedwali lilirahisisha mazungumzo ya timu zote, ila lilikuwa na pengo moja: lilipima zamu tu, bila kuuliza mchezaji atakayepatikana atalipwa kiasi gani.

Kikomo cha mishahara na mzigo wa zamu ya kwanza

Pengo hilo lilianza kuuma baada ya 1993, wachezaji walipopata haki ya kuwa huru baada ya muda maalumu wa utumishi, kufuatia kesi iliyobeba jina la mlinzi Reggie White. Mwaka 1994 ligi ikaweka kikomo cha mishahara: kila timu isizidi dola milioni 34.6 kwa wachezaji wake wote. Kuanzia hapo kila dola aliyopewa mmoja ilikuwa dola asiyoweza kupewa mwingine, na kipaji kikawa na uso wa pili, yaani gharama yake ndani ya kikomo.

Hata hivyo chipukizi wa zamu za juu hawakuwa na bei nafuu wakati huo. Mawakala wao walijadiliana kwa uhuru, na kila mwaka mkataba wa kijana wa kwanza ulizidi wa mwenzake wa mwaka uliopita. Mwaka 1998 San Diego Chargers walipanda kutoka zamu ya tatu hadi ya pili tu, na kwa hatua hiyo moja wakawapa Arizona Cardinals zamu mbili za raundi ya kwanza, moja ya raundi ya pili na wachezaji wawili. Walimpata Ryan Leaf, ambaye ndani ya misimu mitatu alikuwa ameondoka. Mwaka 2007 Oakland Raiders walimpa JaMarcus Russell mkataba wenye dhamana ya zaidi ya dola milioni 30. Mwaka 2010 wakamwacha. Mwaka huohuo wa 2010 St. Louis Rams walimpa Sam Bradford mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa na dhamana, kabla hajarusha mpira hata mmoja katika ligi.

Wachumi Cade Massey na Richard Thaler waliitazama hali hii kwa takwimu. Utafiti wao ulionyesha kwamba timu zilizithamini mno zamu za mwanzo, na kwamba ukilinganisha kazi ya mchezaji na malipo yake, faida kubwa ilikuwa chini zaidi, hasa raundi ya pili. Zamu ya kwanza, iliyokusudiwa kuwainua wanyonge, ilikuwa na hatari ya kuwazamisha. Thaler alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, na mchezo huu ulikuwa mojawapo ya mahali alipoonyesha jinsi watu wazoefu, wenye fedha nyingi za kupoteza, wanavyojiamini kupita kiasi.

Mwaka 2011

Kuanzia Machi hadi Julai 2011 wamiliki waliwafungia wachezaji nje, wakibishana na chama chao juu ya mgawo wa mapato. Mkataba uliomaliza mgogoro ulibadilisha kabisa maisha ya chipukizi. Malipo yao sasa yangefuata ngazi iliyopangwa kwa zamu. Mkataba wao ungekuwa wa miaka minne, na kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza timu ingekuwa na hiari ya kuongeza mwaka wa tano. La mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote: hakuna ambaye angeruhusiwa kujadili upya malipo yake kabla ya kumaliza misimu mitatu, hata kama amekuwa bora kuliko wote.

Cam Newton, kwotabeki aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo na Carolina Panthers, alisaini miaka minne kwa dola milioni 22. Bradford, mwaka mmoja tu kabla yake, alikuwa amehakikishiwa milioni 50. Tofauti hiyo haikutokana na uwezo wa vijana hao wawili. Wachezaji wakongwe waliketi mezani na wamiliki, wakakubaliana kupunguza malipo ya watu ambao bado walikuwa madarasani na hawakuwa na kura. Wakongwe walitumaini kwamba fedha zilizookolewa zingewafikia wao.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa nafasi ambayo kila meneja mkuu ameifukuzia tangu hapo. Soko la makwotabeki waliokomaa liliendelea kupanda, wakati malipo ya chipukizi yalikuwa yamefungwa. Timu yenye kijana anayecheza kama mkongwe ilikuwa na mamilioni ya ziada ya kununulia walinzi, wakimbiaji na wadakaji. Waliotoa zamu zao kwa ajili ya kwotabeki kijana walikuwa sasa wananunua mkono wake na, pamoja nao, miaka ambayo mkono huo ungelipwa chini ya thamani yake.

Seattle waonyesha njia

Ushahidi ulikuja haraka. Mwaka 2012 Seattle Seahawks walimchagua Russell Wilson katika raundi ya tatu, zamu ya 75. Wengi walimwona mfupi mno. Akapata namba mbele ya Matt Flynn, aliyesajiliwa miezi michache kabla kwa mamilioni. Msimu wa 2013 mshahara wa Wilson ulikuwa takriban dola 526,000. Mwaka huohuo kwotabeki Joe Flacco, bingwa mtetezi akiwa na Baltimore Ravens, alisaini miaka sita kwa dola milioni 120.6.

Seattle hawakuiacha nafasi hiyo ilale. Machi 2013 waliwasajili walinzi Michael Bennett na Cliff Avril, na kuiongezea nguvu safu ambayo tayari ilikuwa kali. Februari 2, 2014 walikutana na Denver ya kwotabeki Peyton Manning, ambaye mkataba wake ulikuwa wa dola milioni 96 kwa miaka mitano. Avril aliugonga mkono wa Manning akiwa anarusha. Mpira ukaelea, Malcolm Smith akaudaka na kukimbia yadi 69 hadi mwisho wa uwanja. Mchezo uliisha 43 kwa 8. Ile tofauti kati ya nusu milioni na malipo ya soko ilikuwa imegeuka kuwa walinzi, na walinzi wakaleta kombe.

Wakati huohuo Washington walikuwa wamechagua njia ya gharama kubwa. Mwaka 2012 waliwapa Rams zamu tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili ili wapande hadi zamu ya pili kwa ajili ya Robert Griffin III. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa ajabu: Griffin alitangazwa chipukizi bora wa mashambulizi. Januari 2013, katika mechi ya mtoano dhidi ya Seattle hiyohiyo, goti lake likaharibika. Hakurudi tena kuwa yule. Umri wake wa thamani ulipita akiwa ndani ya mkataba asioruhusiwa kuujadili, na mkataba mkubwa uliotazamiwa kufuata haukuja. Kila anayezungumzia faida ya kwotabeki wa bei nafuu anapaswa kuanza na goti la Griffin, kwa sababu linaonyesha ni nani aliyebeba hatari yote.

Mbio za kupanda

Kisa cha Griffin hakikuzipoza timu. Mwaka 2016 Rams, waliokuwa wanahamia Los Angeles, walipanda kutoka zamu ya 15 hadi ya kwanza kwa Jared Goff, wakitoa zamu mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na mbili za raundi ya tatu, huku wakirudishiwa mbili za chini. Siku chache baadaye Philadelphia Eagles wakapanda hadi ya pili kwa Carson Wentz.

Zote mbili ziliitumia nafasi kama Seattle. Wentz aliumia goti Desemba 2017, lakini kikosi kilichojengwa kumzunguka kilikuwa kizuri kiasi kwamba mbadala wake, Nick Foles, aliwafunga New England Patriots 41 kwa 33 katika Super Bowl. Mwaka 2018 Rams waliwakusanya Ndamukong Suh, Brandin Cooks, Aqib Talib na Marcus Peters, wakafika fainali na kufungwa 13 kwa 3.

Mwaka 2019 saa ikafika. Wentz alisaini nyongeza ya dola milioni 128, Goff milioni 134, kila mmoja kwa miaka minne. Ndani ya miaka miwili wote wawili walikuwa wamehamishwa. Rams waliwalipa Detroit Lions zamu mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu, pamoja na Goff mwenyewe, ili wampate Matthew Stafford. Goff yuleyule, mwenye mkono uleule, aliyenunuliwa kwa rundo la zamu akiwa wa bei nafuu, sasa alihesabiwa mzigo.

Kabla ya hapo, mwaka 2017, Kansas City Chiefs walilipa bei ya wastani tu: zamu ya 27, zamu ya 91 na raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, wakapanda hadi ya 10 kwa Patrick Mahomes. Walimweka benchi karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith. Mwaka 2018 akarusha mipira 50 ya mabao na kuwa mchezaji bora wa ligi. Februari 2020 akatwaa Super Bowl. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa dola milioni 16.4 kwa miaka minne. Julai 2020 alisaini nyongeza ya miaka 10 inayoweza kuzidi dola milioni 500.

Bei ya kijana aliyekwisha tumika

Kupanda kwa ajili ya kijana ambaye hajacheza ni jambo moja. Je, huyohuyo akiwa amecheza mwaka mmoja au mitatu bila mafanikio ana thamani gani? Hapa utaratibu wa malipo una siri yake. Sehemu kubwa ya fedha za chipukizi wa raundi ya kwanza ni kitita cha kusaini, ambacho timu ya kwanza hukilipa. Akihamishwa, kitita kinabaki katika vitabu vya timu iliyomchagua; timu mpya hulipa mishahara iliyobaki tu. Kwa hiyo mnunuzi humpata kwa bei nafuu kuliko hata aliyemchagua.

Josh Rosen ni mfano ulio wazi. Arizona walimchagua wa 10 mwaka 2018 na kumlipa kitita cha karibu dola milioni 11. Timu ikashinda mechi tatu, kocha akafukuzwa, na Aprili 2019 wakamchagua Kyler Murray katika zamu ya kwanza. Siku iliyofuata Rosen alikwenda Miami Dolphins kwa zamu ya 62 na ya raundi ya tano ya 2020. Miami walibaki na deni la zaidi kidogo ya dola milioni 6 kwa miaka mitatu, kiasi kisichomtosha hata mbadala mzoefu. Hesabu ilikuwa nzuri mno. Rosen alianza mechi tatu, akafungwa zote, na Septemba 2020 akaachwa. Unafuu wa bei haukumpa mwalimu, safu ya kumlinda, wala muda.

Miaka iliyobaki ndiyo huamua bei. Sam Darnold, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2018, alihamishwa na New York Jets mwaka 2021 baada ya misimu mitatu, kwenda Carolina kwa zamu za raundi ya pili, ya nne na ya sita. Mwaka mmoja tu wa bei nafuu ndio uliosalia. Panthers wakachukua hiari ya mwaka wa tano, takriban dola milioni 18.9 ambazo kwa mkataba wa 2020 kati ya wamiliki na wachezaji zilikuwa na dhamana kamili. Unafuu ukaisha kabla hawajajua kama anafaa.

San Francisco na zamu ya 262

Machi 2021 San Francisco waliwapa Miami zamu tatu za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu ili wafike zamu ya tatu. Walimchagua Trey Lance, kijana aliyecheza msimu mmoja kamili chuoni. Septemba 2022 kifundo chake kikavunjika. Desemba, kwotabeki aliyechukua nafasi yake, Jimmy Garoppolo, naye akavunjika mguu. Akaingia Brock Purdy, aliyechaguliwa mwaka huo katika zamu ya 262, ya mwisho kabisa.

Agosti 2023 Lance alipelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne. Msimu huo Purdy, aliyelipwa chini ya dola 900,000 wakati kikomo cha timu kilikuwa dola milioni 224.8, aliifikisha San Francisco kwenye Super Bowl, wakafungwa na Kansas City 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Klabu ilikuwa imelipa bei ya kifalme kwa miaka ya bei nafuu, kisha ikaipata miaka hiyo kwa zamu ambayo haina thamani yoyote sokoni. Sheria ilimzuia Purdy kujadili malipo hadi 2025, aliposaini miaka mitano kwa dola milioni 265.

Kizazi cha 2021 kilifunga hoja. Makwotabeki watano walichaguliwa raundi ya kwanza, na kufikia Aprili 2024 wanne walikuwa wamehamishwa: Lance, kisha Mac Jones, Justin Fields na Zach Wilson. Jones alikwenda kwa zamu ya raundi ya sita. Fields naye alikwenda kwa raundi ya sita ambayo ingepanda kuwa ya nne kama angecheza vya kutosha. Aliyebaki, Trevor Lawrence, alisaini dola milioni 275 kwa miaka mitano. Kati ya raundi ya sita na dola milioni 275 hakukuwa tena na ngazi ya katikati.

Fields aliondoka Chicago Bears kwa sababu ya saa ya mkataba wake, zaidi ya kiwango chake. Bears walikuwa wamepata zamu ya kwanza ya 2024 kutoka Carolina, na wakamchagua Caleb Williams, ambaye miaka yake minne ingegharimu zaidi kidogo ya dola milioni 39. Fields alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa bei nafuu. Williams alikuwa na yote minne mbele yake.

Faida ni ya nani

Historia hii ina funzo la mahesabu na funzo la haki. La mahesabu ni kwamba mkataba wa bei nafuu hauna thamani peke yake. Ulizaa matunda Seattle, Philadelphia na Kansas City, kwa sababu walikuwa na makocha, walinzi na subira. Waliotoa zamu nyingi zaidi za raundi ya kwanza, Washington na San Francisco, walinunua miaka ambayo ingeweza kukatizwa na jeraha moja, na ilikatizwa.

La haki ni zito zaidi. Kila tunaposema kwamba timu imeokoa mamilioni kwa kijana, tunasema kwamba kijana hakulipwa mamilioni hayo. Akifaulu, hungoja misimu mitatu huku mwili wake ukigongwa kila wiki. Akishindwa, hata kwa makosa ya waliomwajiri, huhamishwa kwa bei ya kutupa na kuitwa hasara. Darnold aliitwa hivyo kwa miaka, hadi msimu wa 2024 alipoiongoza Minnesota Vikings kushinda mechi 14 kati ya 17, na mwaka uliofuata Seattle wakampa mkataba wa miaka mitatu wa takriban dola milioni 100. Alihitaji timu nne kabla ya hapo na miaka saba, na wengi hawapewi hata nusu ya nafasi hizo.

Mkataba ujao kati ya wamiliki na wachezaji unaweza kurekebisha hili bila kuvunja ngazi ya 2011: kumruhusu chipukizi anayecheza kama nyota ajadili malipo baada ya msimu wa pili, na kumpa fidia ya kweli anayeumia kabla ya mkataba wake wa pili. Timu bado zingepata faida ya kuchagua vizuri. Na kijana anayeizalisha faida hiyo angepata sehemu yake wakati goti lake bado ni zima.